Aliyekata vioo vya Coventry

Dada yangu alipombatiza mwanawe katika Kanisa Kuu la Coventry, Uingereza, alinichagua niwe msimamizi. Nilitoka Dar es Salaam, ambako riziki yangu ni kukata na kufunga vioo.

Kisima cha ubatizo pale ni jabali lililoletwa kutoka Bethlehemu. Nyuma yake limesimama dirisha la vioo vya rangi, toka sakafuni hadi juu darini, vidirisha 195. Hakuna malaika wala mtakatifu, ni rangi tupu: pembeni buluu nzito, nyekundu na kijani, halafu njano, na katikati weupe unaowaka. Nilisogea hadi nikaona madini ya risasi yaliyoshika vipande, vingine vimekatwa kwa mkunjo wa kuingia ndani. Mkato huo, wenzangu wa kazi wanaujua, ni wa roho mkononi. Kioo hupenda kupasukia pale usipotaka.

Mzee mmoja mtembeza wageni aliniona nimeduwaa, akanisimulia habari za John Piper. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliteketeza kanisa la zamani. Asubuhi yake Piper, mchoraji aliyetumwa kuchora vita, alikuwa pale akichora magofu yangali yakifuka moshi. Kanisa jipya lilipofunguliwa mwaka 1962, ubavuni mwa magofu hayo, dirisha lilikuwa ubunifu wake. Mtu aliyeuona moto ule kwa macho yake, alipopewa ukuta mzima, aliujaza mwanga. Mpaka leo hilo linanigusa.

“Na vioo hivi, mzee, alikata nani?”

Uso wake ukachangamka. Patrick Reyntiens, akasema. Piper alichora, Reyntiens alichagua kioo, akakata, akapaka, akachoma tanurini, akaunga kwa risasi.

Huku kwetu jengo likizinduliwa hutajwa mwenye mali na msanifu, basi. Kwa hiyo nilimwomba mzee aniandikie jina hilo nyuma ya karatasi ya ibada. Aliandika yote mawili, Piper na Reyntiens, kwenye mstari mmoja.

“Kaka, njoo umshike mtoto,” dada akaniita.