Nilivyowaeleza kidato cha sita jinsi kimelea cha malaria kinavyobeba mafuta

Mimi ni mtu wa maabara, si mwalimu. Riziki yangu ni tone la damu, slaidi na darubini, na huku Mtwara malaria haijawahi kutuacha tukae bure. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa biolojia aliponiomba nikazungumze na kidato cha sita kuhusu protini zinazosafirisha lipidi, yaani mafuta ya seli, ndani ya vimelea, nilikubali hata hajamaliza kusema. Jasho lilinitoka baadaye, nilipokaa kufikiri nitaonyesha nini.

Kila niliyemwuliza alinipa ushauri uleule: beseni la maji, mafuta ya kupikia, sabuni ya maji, koroga, umemaliza. Hata shemeji yangu, fundi umeme, alikuwa na uhakika. Nikafuata.

Mafuta yakaelea, nikatia sabuni, nikakoroga mpaka maji yakawa meupe kama tui la pili. Darasa likapiga makofi. Nami kwa kujiona nikatamka: "Basi hizo protini zinafanya kama hii sabuni." Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakupiga makofi, akasimama. "Samahani madam. Utando wa seli, ile ngozi yake nyembamba, nao si mafuta? Kimelea kikiwa na sabuni ndani, hakitajiyeyusha chenyewe?"

Nilitamani kengele ilie. Kibaya zaidi, jambo hilo nilipaswa kulijua mimi kabla ya mtu yeyote chumbani mle. Kwenye maabara za utafiti seli nyekundu hupasuliwa kwa saponini, kitu cha ukoo wa sabuni, ili kimelea kilichomo kitolewe. Nikasema nitarudi wiki ijayo. Mwalimu alinisindikiza hadi getini akinifariji, na faraja ile iliniuma kuliko swali.

Jawabu nililipata jikoni kwa mama, aliyekuwa akifungua chaza. Nikaokota makombe mawili ambayo bado yalikuwa yameshikana kwenye bawaba. Nje nikayasugua kwa mchanga, ndani nikayapaka mafuta ya nazi. "Mwanangu, hizo ni taka," akasema. Nikamwambia ni protini. Akaendelea na kazi yake.

Ilibaki mafuta ya mgando, na hapo joto letu likanipiga chenga: kipande cha kwanza kiliyeyuka kwenye bajaji na kuniharibia mkoba. Safari ya pili nilipitia kwa wauza samaki, nikaomba barafu kidogo. Vyote kwa jumla, ukiacha mkoba, havikufika elfu kumi.

Sasa ona. Kwanza nilidondosha donge la mafuta majini peke yake. Likaelea, likazurura, likaganda ukingoni mwa beseni. Hiyo ndiyo hali ya lipidi ndani ya seli: pamejaa maji, nayo haipatani na maji. Kisha nikaweka donge jingine ndani ya kombe, nikalifumba kwa vidole viwili, nikalipitisha chini ya maji mpaka ng'ambo, nikalifungua juu ya sahani iliyopakwa mafuta na kubonyeza. Donge likashika kwenye sahani, kombe likarudi tupu kuchukua jingine. Protini za aina hii zina mfuko ambao ndani unapenda mafuta na nje unapenda maji. Hakuna utando unaoyeyushwa. (Ziko pia protini ndefu, jamii ya VPS13, ambazo hazisafiri. Zinalala kama daraja kati ya tando mbili, na lipidi hupita kwenye mfereji wake. Kwa hizo nilipasua mwanzi, nikaupaka mafuta kwa ndani. Ulivuja. Tuuache.)

Wakataka kujua mafuta yote hayo ya nini. Niliwauliza: ukiwa na saa 48 tu za kujenga nyumba za watoto 16 hadi 32, utapata wapi mabati? Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ndivyo kinavyoishi ndani ya seli nyekundu moja, na kila kimelea kipya kinahitaji utando wake. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala mitambo ya kutengeneza lipidi, kwa hiyo mali inatoka kwenye damu yetu, hasa lipidi iitwayo lisofosfatidilikolini. Na kimelea kimejifungia ndani ya kifuko, kwa hiyo mzigo lazima uvuke utando wa seli, utando wa kifuko, kisha utando wa kimelea chenyewe. Ndani ya kile kifuko wamekuta protini iitwayo PV6, yenye mfuko kama kombe langu.

Nilikuwa nimemwekea akiba yule kijana. Nikamwita mbele. Saponini, nikamwambia, hushambulia utando wenye kolesteroli, ambayo nayo ni aina ya mafuta. Inapasua seli nyekundu, inapasua kifuko, lakini kimelea kinabaki kizima, kwa sababu utando wake una kolesteroli kidogo sana. Na haukuwa hivyo kwa bahati: ipo protini, NCR1, ndugu wa protini yetu sisi binadamu iitwayo NPC1, inayoutolea utando huo kolesteroli wakati wote. Watafiti walipoizuia NCR1, saponini ikaanza kukidhuru na kimelea chenyewe.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo protini hiyo haileti mafuta. Inayatoa."

"Inayatoa."

Safari hii alipiga makofi, mara mbili, taratibu, kama mzee kwenye baraza. Kisha akajitolea kuosha beseni, lililokuwa limeganda mafuta ukingo mzima, akaniuliza kama ile sabuni ya wiki iliyopita bado ninayo.