Redio ya Morris haitoki

Kila anayeingia kwenye Morris Minor ya marehemu ami yangu ananishauri niing'oe redio, niweke mpya yenye Bluetooth. Sitaki. Gari ni la 1962, na kwa redio hii, aina ya Radiomobile, ami alisikiliza taarifa ya habari akivuka daraja la zamani la Nyali, Mombasa, lile lililoelea juu ya maji.

Niliipeleka mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, kwa mzee mmoja fundi. Hakuiwasha. "Mwanangu, iliyolala miaka usiiamshe kwa umeme kabla hujaifungua," akasema. Kapasita za zamani, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya redio, zina majimaji ndani. Yakikauka, redio hunguruma au fyuzi hukatika. Alizibadilisha, kisha akasafisha kitufe cha sauti, maana chumvi ya hewa yetu ya pwani ilikuwa imeshakila.

Jambo la kuangalia sana ni betri. Kwenye Morris za enzi hizo upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi ya gari, kinyume cha magari ya leo. Fundi akiiunga redio kwa mazoea, transista zake, vifaa vya kukuza sauti, zinaungua papo hapo. Kwa hiyo muulizeni kwanza, hata kama ni bingwa, shikamoo zenu zije baadaye!

Sasa inashika masafa ya kati, usiku vizuri zaidi kuliko mchana, kwa sababu mawimbi hayo husafiri mbali jua likishatua. Karatasi ya spika bado imepasuka pembeni. Mzee ameahidi kuibandika wiki hii.