Nilivyoizoea "passer" jikoni Lyon

Kifaransa nilianza kukisoma Dar es Salaam, na ubaoni "passer" iliandikwa kuwa ni "kupita". Basi. Nilipopata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja Lyon, Ufaransa, neno hilo nikawa nalisikia kutwa nzima, na mara nyingi hakuna anayepita.

Mpishi mkuu anasema "passe-moi le beurre": nipe siagi. Anamgeukia anayesimamia mchuzi: "tu passes la sauce au chinois". Hapo Mchina hayupo. "Chinois" ni chujio la chuma lenye umbo la koni, na anachotaka ni mchuzi uchujwe. Maharage mabichi yakitoka kwenye maji ya moto, "on les passe sous l'eau froide", yanamwagiwa maji baridi yasipoteze ukijani wake. Hata ile kaunta zinapowekwa sahani ili wahudumu wazichukue inaitwa "le passe". Wateja wakishaondoka inabaki kazi yangu, "passer la serpillière", kupiga deki.

Kamusi haikunifaa sana. Maana zimejaa safu nzima na zaidi, na mtu mwenye povu hadi viwikoni hawezi kuzikariri. Nikaacha kutafuta maana ya kitenzi, nikaanza kuangalia kinachokifuata. Vile vikaratasi vya oda vinavyotoka kwenye printa, wenyewe wanaviita "bons", vikishatumika hutupwa. Nikawa naviokota, na nyuma yake naandika sentensi nzima kama ilivyosemwa, na nani kamwambia nani. Tafsiri sikuandika. Nikirudi nyumbani navipanga kwa mafungu: "passer" yenye mahali, "passer" yenye kitu, "se passer", "passer pour" (kuonekana kama).

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ilinisumbua. Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi: pita, pitia, pitisha, pitana, pitwa. Mkia ndio unaokueleza kinachofanyika, na masikio yetu yamezoea kuungoja. Wafaransa mwisho wa kitenzi wameuachia nafsi na wakati. Maana ya "passer" wameitawanya kwenye maneno ya pembeni. Ukisikiliza kitenzi peke yake utabaki umesimama.

Fungu lenye kitu lilinitatulia pia suala la "être" na "avoir", vile vitenzi visaidizi vya wakati uliopita. Darasani "passer" huorodheshwa pamoja na "aller" (kwenda) na "venir" (kuja), na wengi hutoka hapo wakiamini inakwenda na "être" siku zote. Sivyo. "Je suis passé chez toi", nilipita kwako: hakuna yambwa, basi ni "être". "J'ai passé la serpillière", "j'ai passé la nuit à Lyon", nilipiga deki, nililala Lyon: yambwa ipo, basi ni "avoir". Jikoni karibu kila "passer" ni ya "avoir", maana kule daima kuna kitu mkononi mwa mtu.

Kwenye fungu la "se passer", "qu'est-ce qui se passe ?" ni kuna nini, na "ça s'est bien passé" ni mambo yalikwenda vizuri. Ukiongeza "de", habari inageuka kabisa: "je ne peux pas me passer de thé", siwezi kukaa bila chai. Hiyo ilichukua muda kuniingia.

Nyingine huwezi kuzipata kwa kupanga karatasi, lazima uwe na mtu. Mimi nilikuwa na mpishi mmoja kutoka Lubumbashi, nikimwita yaya kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao. Kifaransa chake na Kiswahili chake vyote vilikuwa vya kuzaliwa navyo. Siku moja mhudumu alitoka kwa bosi uso umemshuka, wenzake wakanong'ona "le patron lui a passé un savon". Sabuni nilikuwa nayo mimi! Yaya akacheka, akanieleza kwamba hakuna aliyeogeshwa, kijana kagombezwa tu. Na "passer l'éponge", kupitisha sifongo, ambayo kwa mwosha vyombo inasikika kama amri ya kazi, ni kusamehe: yaliyopita si ndwele.

Ya kuchunga zaidi kwetu ni ya mtihani. Mtaani tunasema "nimepasi" tukimaanisha tumefaulu. Mtu akikwambia "j'ai passé le DELF", ule mtihani wa Kifaransa kwa wageni, usimpongeze bado: kaufanya mtihani, matokeo ni habari nyingine. Kufaulu ni "réussir". Mimi niliufanya wa kiwango cha B1, cha kati: sehemu nne zenye alama 25 kila moja, unatakiwa upate angalau 50 kwa 100 na usishuke chini ya 5 kwenye sehemu yoyote. Kwenye mazungumzo nilieleza kazi yangu ya jikoni, mchuzi, maharage, deki na yote, na "passer" zikaja zenyewe, kila moja na "avoir" yake au "être" yake. Nikafaulu.

Fungu dogo kuliko yote ni la "y passer". "On va tous y passer" inaweza kuwa sote zamu itatufikia, au sote tutakufa, kutegemea anasema nani na kwa sauti gani. Pale jikoni, Jumamosi saa tatu usiku oda zikiwa zimefurika, nadhani walimaanisha yote mawili.