Werewolf by Night: komiki iliyosubiri sheria ilegezwe

Siku hizi ukitaja Werewolf by Night watu wanakumbuka ile filamu fupi ya Disney+ ya 2022, ile isiyo na rangi ya Michael Giacchino, Gael García Bernal akiwa Jack Russell, jamaa anayegeuka mbwamwitu usiku. Nzuri kweli, sina ugomvi nayo, ila mi naona ukiishia hapo umekosa uhondo wenyewe, maana jinsi hii komiki ya kampuni ya Marvel ilivyopata ruhusa ya kutoka, ikakua, ikafa, inanifurahisha kuliko hata baadhi ya stori zilizomo ndani.

Iko hivi. Mwaka 1954 huko Marekani wachapishaji wa komiki walibanwa mno, kuna daktari wa akili anaitwa Fredric Wertham alitoa kitabu kinachosema komiki zinaharibu watoto, Seneti nayo ikaketi kuwahoji, basi jamaa wakaona kabla serikali haijatufunga bora tujifunge wenyewe, wakaunda Comics Code Authority. Ukitaka muhuri wao kwenye jalada, marufuku vampaya, marufuku mazombi, marufuku watu wanaogeuka mbwamwitu, wametajwa kabisa kwenye kanuni! Na bila ule muhuri wasambazaji wengi hawakugusi, kwa hiyo utaandika nini na utamuuzia nani.

Walikuwa hawatanii pia. Mwandishi Marv Wolfman anasimulia kwamba wakati anafanya kazi DC, kampuni nyingine ya komiki, jina lake (Wolfman, yaani mbwamwitu-mtu) likatokea ndani ya hadithi ya kutisha na watu wa Code wakang'aka, mbwamwitu-mtu haruhusiwi. Wakaelezwa jamani hilo ni jina lake la ukoo. Wakasema sawa, basi liandikwe rasmi kwamba yeye ndiye mwandishi, wakati huo hizo stori hazikuwa na desturi ya kutaja walioziandika, na wenzake nao wakaanza kudai majina yao yawekwe. Yaani watu walipata haki yao kwa sababu ya kesi ya jina la mbwamwitu.

1971 kanuni zikalegezwa. Vampaya na watu-mbwamwitu ruksa, ila wachorwe kwa heshima ya fasihi ya zamani, kina Dracula na Frankenstein. Mazombi wakaachwa nje kwa kuwa hawakuwa na vitabu vya maana vya kuwatetea, ndo maana Marvel ikawa inaandika "zuvembie" ili kupita pembeni, nacheka kila nikikuta hilo neno.

Sasa mlango umefunguka, Marvel wakatoka mbio. Mwandishi wao Roy Thomas alikuwa na wazo la komiki ambayo mwenye laana anasimulia mwenyewe, akataka iitwe "I, Werewolf", mhariri mkuu Stan Lee akalipenda wazo ila jina akachagua Werewolf by Night. Ikaanzia Marvel Spotlight namba 2, ya Februari 1972, Gerry Conway akaandika na Mike Ploog akachora. Jack anatimiza miaka 18 na laana ya ukoo wa baba yake inamshukia, usiku tatu za mwezi mpevu kila mwezi anakuwa mnyama. Hapo kwenye kusimulia ndo pananikosha: Jack anakueleza usiku mzima kwa maneno ya kijana aliyetulia, huku kwenye picha kuna kitu chenye manyoya kinavunja ukuta na hakijui hata jina lake. Na ndiyo, anaitwa Jack Russell, kama ile mbwa ndogo, sitaki kuamini hakuna aliyeona.

Baada ya matoleo matatu ya majaribio ikapewa mfululizo wake, namba 1 ni Septemba 1972. Ploog ndo roho ya zile za mwanzo, aliwahi kufanya kazi na mkongwe wa komiki Will Eisner na inaonekana, vivuli vizito, sura zimepinda, mbwamwitu wake anachuchumaa kama anaumwa. Kuanzia namba 17 akashika Don Perlin mpaka mwisho. Wengi wanamponda Perlin, mi simpondi kihivyo, lakini ukisoma mfululizo unahisi kabisa giza limepungua.

Ila huyo huyo Perlin, pamoja na mwandishi Doug Moench, ndo walitupa namba 32, Agosti 1975. Kuna genge la wafanyabiashara linaitwa Committee linataka kumkamata Jack akiwa hai, linamkodi mamluki kwa dola 10,000 na kumvisha silaha za madini ya fedha. Huyo mamluki ni Moon Knight. Ukiangalia vizuri, kila kitu chake, mwezi, fedha, joho jeupe, kilibuniwa kwa ajili ya kumwinda mbwamwitu mmoja tu, halafu mwindaji akapata mfululizo wake 1980 na akawa staa kuliko windo. Jack masikini.

Maana kufikia hapo mambo ya kutisha yalikuwa yanapoa sokoni. Wakajaribu kumgeuza Jack awe supahiro, wakampa akili zake hata akiwa mnyama, wakamkutanisha na Iron Man, na kwangu hapo ndo walimuua, kwa sababu Jack anayejitawala hana stori. Namba 43, Machi 1977, ikafungwa. Baadaye alirudi rudi: 1998 Paul Jenkins na Leonardo Manco wakafanya matoleo sita machafu na mazuri sana, 2020 Taboo wa kundi la muziki la Black Eyed Peas na Benjamin Jackendoff wakaleta kijana mwingine kabisa, Jake Gomez, na 2024 Jack akarudi kwenye toleo la watu wazima la Red Band lenye damu ya kutosha.

Kama hujawahi kusoma, anza na zile tatu za Marvel Spotlight kisha nenda za Ploog, halafu ruka hadi 32 na 33. Yale makusanyo ya zamani yaliyoitwa Essential yamechapwa bila rangi na kwa Ploog hiyo ni faida, wino wake unapumua vizuri zaidi hivyo.