Mapigo ya Jembe

Mwaka 2006 sisi wa Mwanza tuliishi kwa ratiba ya mgao wa umeme. Leo unarudi jioni, kesho usiku wa manane, kesho kutwa huuoni kabisa. Ziwa nalo lilikuwa limerudi nyuma kuliko tulivyowahi kuliona. Kule chini Igogo yalitokeza mawe meusi ambayo tangu nizaliwe yalikuwa ndani ya maji. Siku zisizo na umeme tulishuka tukakaa juu ya mawe hayo na gitaa moja, na hapo ndipo bendi yetu ilipoanzia.

Tulikuwa wanne, wote wa darasa moja la kipaimara, wa miaka 14 hadi 16. Nitawataja kwa vyombo vyao, maana ndivyo tulivyoitana, na mpaka leo tukipigiana simu tunaitana hivyo: Besi, Rizimu, Ngoma, na mimi Solo.

Gitaa lile aliniachia daktari mwanafunzi aliyekuwa hospitali ya Bugando, aliyesali kwetu, siku alipohama. Aliniachia na kaseti moja ya vijana wa Marekani wakimwimbia Mungu kwa magitaa yanayonguruma. Kwaya zetu zilikuwa na gitaa la kutiririka, sebene tamu, na nilizipenda na bado nazipenda. Lakini kwenye kaseti ile gitaa halikutiririka, lilikuja kama gari la mchanga linamwaga mzigo. Niliisikiliza mpaka utepe ukakatika, nikauunga kwa selotepu, na tangu hapo pale palipoungwa mwimbaji akawa anaruka neno. Wimbo ule tuliujifunza bila neno hilo.

Gitaa la Besi lilikuwa la mtumba, la kawaida tu, shingo imepinda kidogo. Tuliondoa nyuzi mbili nyembamba tukabakiza nne nene, akawa anazichuna kwa kidole gumba. Rizimu alikuwa msichana pekee kati yetu, mwenye sauti kuliko wote, na mama yake aliyeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba ndiye aliyetununulia amplifaya kwa fundi redio. Spika yake ilikuwa ya inchi 8, karatasi imechanika upande mmoja. Fundi alitaka kuibadilisha tukamkatalia, kwa sababu pale ilipochanika ndipo mngurumo ulipotoka. Nikizungusha kitufe cha sauti kupita katikati, gitaa langu lilikoroma vilevile kama kwenye kaseti. Sijawahi kufurahi namna ile kwa sababu ya kitu kilichoharibika.

Ngoma hakuwa na dramu. Za kanisa zilifungiwa stoo ya kwaya kuu, na ufunguo wa stoo ile sisi tuliuona kwa mbali tu. Alipigia ndoo mbili za plastiki zilizofunikwa, na ngoma ya ngozi ya watoto wa shule ya Jumapili.

Shida yetu kubwa ilikuwa kukimbia. Wimbo wetu wa kwanza tuliutunga wenyewe kutoka Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho kuitazama milima, maana ukiwa Igogo milima huna haja ya kuitafuta, majabali yako juu ya paa lako. Tulianza vizuri, kufika ubeti wa pili tunakwenda mbio, ubeti wa tatu Rizimu hana pumzi. Tulihesabu moja, mbili, tatu, nne kama kwenye kaseti, ndoo inalia kwenye mbili na kwenye nne, na bado tulikimbia. Kila mmoja alimlaumu mwenzake.

Likizo ya Juni Ngoma alikwenda Kisesa kwa babu yake. Aliporudi alikaa juu ya jiwe, hakusema kitu, akaanza kupiga polepole na kwa uzito, mguu wake ukikanyaga kila mwanzo wa pigo. Alikuwa amecheza bugobogobo na wanakijiji, ile ngoma ya Wasukuma ya kulimia, watu wamejipanga mstari na majembe mikononi. "Jembe huwezi kulikimbiza," alituambia. "Lina uzito wake. Unalinyanyua, unalingoja lishuke." Besi akamfuata. Mimi nikafuata, na kwa mara ya kwanza tulifika mwisho wa wimbo tukiwa pamoja. Tulirudia mpaka mbu wakatufukuza.

Basi tukaanza kupiga kanisani, siku umeme ukiwepo, na malalamiko yakaanza. Jirani mmoja alisema tunamwamsha mtoto. Kwaya kuu ikasema tunaleta disko. Katibu akatuandikia barua, ya kwanza maishani mwangu yenye jina langu kwa mashine ya chapa: tufike mbele ya baraza la wazee Jumamosi saa tisa alasiri, *pamoja na vyombo vyetu*. Maneno hayo ya mwisho yalitunyima usingizi. Tuliamini tunakwenda kunyang'anywa.

Siku hiyo Besi alilifunga gitaa lake kwa kanga ya mama yake, fundo mbili. Amplifaya tuliipandisha mlimani watu wawili, kwenye ngazi za mawe, tukipumzika kila kona. Wazee walikuwa saba, wamekaa kwenye mabenchi mawili yaliyogeuzwa kutazama madhabahu. Umeme, kwa ratiba, ungekatika saa kumi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Fungeni vyombo, mpige."

Tulipiga. Hofu ilitukimbiza tena kama zamani, jembe lote likasahaulika, na chini ya bati lile mngurumo wa spika ulijirudia mpaka nikawa sijui nimeshika wapi. Kabla ya ubeti wa pili mzee wa mwisho kwenye benchi, mkali wetu wa siku zote, aliinua mkono.

"Inatosha. Neno la Mungu liko wapi humo? Mimi sijasikia hata moja."

Na alisema kweli. Rizimu alikuwa akiimba kwa nguvu zake zote na sauti yake haikufika hata benchi la kwanza. Nilikuwa nimezungusha kitufe mpaka mwisho. Kosa lile lilikuwa langu, si lake, na nilimwomba radhi usiku ule.

Mzee mkubwa kuliko wote, ambaye alitembelea fimbo na kwa kawaida kikaoni hakusema, alimgeukia Ngoma. "Wewe. Acha hao wengine. Piga peke yako, ile ya mwanzo, kabla hamjaanza kukimbia."

Ngoma alifuta mikono kwenye suruali akapiga. Bila sisi kumsukuma, uzito ukarudi.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Kisesa, mzee. Kwa babu."

"Hiyo ni ya majembe."

"Ndiyo, mzee."

Hapo nilidhani tumekwisha. Sasa halikuwa tena suala la kelele. Wapo pale waliobatizwa wakiwa watu wazima, waliofundishwa kuwa ngoma na ukristo havikai nyumba moja, na mzee mkali alisimama kabisa. "Kule tulitoka," alisema. "Hatukutoka ili watoto waje waturudishie humu ndani."

Yule mzee wa fimbo alingoja mwenzake akae. Kisha akasema, taratibu, "Mimi kule niliacha pombe, nikaacha na waganga. Kulima sikuacha."

Hakuna aliyejibu. Nje kulikuwa na mwanamke anatwanga, nakumbuka, na mchi wake ulisikika wazi. Walitutoa tukakae juu ya jabali nyuma ya kanisa, wakajadiliana mpaka umeme ukakatika. Walipotuita ndani kulishaanza kuwa na kivuli. Masharti yao yalikuwa haya: tutapiga wakati wa matoleo tu, maneno ya kila wimbo yasomwe kwanza na mwinjilisti, na sauti. Kuhusu sauti, mzee mkali alishuka mwenyewe mpaka kwenye amplifaya, akamwomba Rizimu aimbe bila maiki, akatazama umbali wa benchi la mwisho, kisha akachukua kalamu ya bluu mfukoni akachora mstari kando ya kitufe, chini kidogo ya namba nne. "Msipite hapa." Chini ya mstari ule spika haikukoroma, ilinong'ona. Nilisikitika. Baadaye niligundua kuwa ukilipiga gitaa kwa nguvu zaidi karibu na daraja, mngurumo unarudi wenyewe, mdogo na msafi, na maneno yanabaki juu yake. Mpaka leo napiga hivyo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka uliofuata tulikuwa tisa, ufunguo wa stoo ya dramu ukawa kwetu, na tulivuka kwa meli mpaka Nansio, Ukerewe, kupiga kwenye mkutano wa vijana, amplifaya imefungwa kwenye gunia isije ikalowa. Hayo ni masimulizi ya siku nyingine.

Ninayoirudia sana ni Jumapili ile ya kwanza. Wahudumu wamesimama na vikapu, watu wameanza kupanga mstari, na sisi tumeanza. Mikono yangu ilikuwa baridi. Kufikia nusu ya ubeti wa kwanza nikasikia tunakimbia, nikajua na wenzangu wanasikia, na hakuna aliyeweza kusimama. Nikamtazama Ngoma. Yeye hakunitazama. Alikuwa anaangalia benchi la mbele, pale mzee wa fimbo alipokaa, mkono wake wa kulia uko gotini, kiganja kinapanda na kushuka. Polepole. Kinapanda, kinangoja, kinashuka.

Ngoma akalegeza mguu wake mpaka ukakutana na mkono ule. Besi akaingia, mimi nikaingia, na mstari wa watu wenye sadaka ukapunguza mwendo nao. Rizimu alivuta pumzi ndefu, niliisikia kwenye maiki, akaanza ubeti wa pili.