Mwaka wa Kusoma Vifungu

31 Desemba 2024

Usiku huu nimezitoa karatasi zangu za mshahara, Januari hadi Desemba, nikazipanga mezani kama karata. Mshahara haujasonga hata shilingi. Kilichosonga ni makato. Machi ushuru wa nyumba za bei nafuu ulirudi, asilimia 1.5. Oktoba tukaizika NHIF, bima ya afya ya zamani, ikaja mpya, SHIF, na asilimia 2.75 yake. NHIF walau ilikuwa na kikomo, shilingi 1,700 kwa mwezi, hii haina. Ajabu ni kwamba dola iliyokaribia shilingi 160 mwezi Januari sasa ni kama 129. Magazetini uchumi wa Kenya umepona. Mfukoni mwangu habari hizo hazijafika.

Lakini mwaka huu nitaukumbuka kwa kitinda mimba wangu. Ana miaka 22, na mwaka jana hakujua hata jina la mbunge wetu. Juni alikuja sebuleni na simu, akanisomea Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya za serikali, kifungu kwa kifungu. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwa mkate. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari, kila mwaka. "Na huu ushuru wa mazingira, mama, unagusa mpaka nepi." Nimekatwa kodi miaka 26 na sikuwa nimewahi kusoma mswada hata mmoja. Mimi ni wa kungoja redio initangazie kilichokwisha kupita.

Tarehe 18 wakaondoa kodi za mkate na gari. Nikamwambia, haya, wamesikia, tulia nyumbani. Akanitazama kwa huruma. "Mama, wameondoa yale tuliyoyasoma. Hebu tumalize kusoma."

Asubuhi ya Juni 25 alijiandika nambari yangu ya simu mkononi kwa kalamu ya bluu, kutoka kiwiko kuelekea kiganja. Akabeba maji, leso na bendera ndogo. Sikumzuia, wala sikumpa baraka. Mchana wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakaukataa, kisha Bunge likavamiwa na risasi zikalia. Alirudi saa tatu usiku, macho mekundu kwa moshi wa vitoza machozi. Jasho lilikuwa limefuta tarakimu tatu za mwisho. Nilizikodolea macho nafasi hizo tupu mpaka akauvuta mkono wake.

Wengine hawakurudi. Kesho yake Rais Ruto alitangaza kuwa hatatia saini, na majirani wakapiga vigelegele. Mimi sikuweza.

Yaliyofuata niliyaona kama mtu anayetazama mechi ya timu asizozishabikia. Julai 11 mawaziri wakafutwa, akasazwa Mkuu wa Mawaziri Mudavadi. Baadhi wakarudi, wengine wakatoka upinzani, kama Mbadi aliyepewa wizara ya Hazina. Oktoba 17 Seneti ikamng'oa Naibu Rais Gachagua akiwa hospitalini. Miaka miwili tu nyuma yeye na Ruto walikuwa tikiti moja, wakituimbia wimbo wa hasla, mnyonge anayehangaika! La Adani, kampuni ya India, kunyimwa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ndilo lililonifurahisha kwa dhati, mwezi Novemba. Kisha Desemba 11 sheria nyingine za ushuru zikatiwa saini, na baadhi ya tuliyoyakataa Juni yakarudi yamevaa nguo mpya. Binti yangu alikuwa ameshazisoma kabla sijamaliza chai.

Mwezi huu habari ni za vijana wanaotekwa kwa sababu ya walichoandika au kuchora mtandaoni. Wazazi wao wanazunguka vituo vya polisi. Nilipokuwa kijana tulinong'ona siasa, na wazee wetu walitusifu kwa adabu. Sasa naona ilikuwa hofu tu.

Jana binti yangu aliniambia anakwenda mjini kudai waachiliwe. Akaanza kutafuta kalamu mkobani. Nikamwambia lete mkono. Nikaandika mimi mwenyewe, kwa wino usiofutika wa kuandikia makatoni, nambari yangu juu na ya baba yake chini.