Flopi kwanza, seva baadaye
Kuna mteja bado anaing'ang'ania Windows Server 2003, mfumo endeshi wa zamani wa seva, kwa sababu ya programu yake ya uhasibu, basi leo nimeshinda na flopi, zile diski laini za zamani. Ndiyo, flopi! Ukibonyeza F6 mwanzoni mwa usakinishaji, toleo lile linatafuta draiva ya RAID (programu ndogo ya kuitambulisha kadi inayounganisha diski za seva) kwenye flopi, flashi haliijui. Faili la txtsetup.oem, linaloorodhesha draiva, likae juu kabisa kwenye flopi, lisifichwe ndani ya folda, la sivyo linakwambia halijaliona. Halafu unabonyeza S, unachagua modeli ya kadi yako. Usipoweka draiva, inadai seva haina diski hata moja, na wewe unaziona zinawaka taa! Nilitengeneza flopi mbili. Ya kwanza iligoma katikati ya kusomwa. Kuanzia Server 2008 flashi inatosha, asanteni sana.